Kumbukumbu inayopungua kila siku: ni programu au ni kerneli?

Ndugu, umeeleza kwamba seva yako ya Linux inayopitisha trafiki ya ofisi hupungukiwa na kumbukumbu hadi unalazimika kuiwasha upya kila Jumatatu, nawe unaishuku draiva ya kadi ya mtandao, yaani sehemu ya kerneli (kiini cha Linux) inayoiendesha kadi hiyo. Kabla ya kuilaumu, soma faili la /proc/meminfo asubuhi na usiku wa manane, ukitazama mstari wa SUnreclaim (kumbukumbu ya kerneli isiyoweza kurudishwa kwa matumizi mengine): kiasi hicho kikizidi kupanda hata trafiki inapotulia, basi kerneli ndiyo inayoshikilia kumbukumbu, na amri ya slabtop itakuonyesha ni akiba ipi (fungu la kumbukumbu la kerneli) inayovimba. Ikiwa ni nf_conntrack (rekodi za miunganisho ya mtandao inayofuatiliwa), huenda hakuna kinachovuja, yaani hakuna kumbukumbu iliyosahaulika bila kurudishwa, kwa kuwa Linux isiporekebishwa huweka rekodi ya muunganisho wa TCP uliokwisha kufunguliwa kwa sekunde 432,000, yaani siku 5 nzima, hata kama hakuna pakiti inayopita. Muda huo unaweza kuupunguza. Ikiwa ni skbuff_head_cache (maelezo ya pakiti za mtandao zilizo mikononi mwa kerneli), hapo shaka yako ina uzito, na kerneli iliyojengwa pamoja na kmemleak, chombo chake cha kutafuta kumbukumbu iliyovuja, itakuonyesha msimbo ulioomba kumbukumbu hiyo.

SUnreclaim ikitulia, geukia programu. Endesha ss -tanp, amri inayoorodhesha miunganisho ya TCP pamoja na programu zinazoimiliki. Mistari ya CLOSE-WAIT inayoongezeka kila saa ina maana kwamba upande wa pili umeshafunga muunganisho, ila programu yako haijafunga soketi yake (ncha yake ya muunganisho huo), kosa ambalo, kwa uzoefu wangu, hujificha katika njia ya kushughulikia hitilafu, mahali ambapo watu hawafanyi majaribio.