Kwa anayeanza kriptografia: namna ya kuwasoma watafiti

Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nilimpelekea msimamizi wangu jedwali la kurasa nne. Nililiandaa wiki mbili nzima katika chumba changu cha kupanga pale Tudor, Mombasa, feni ikivuma na bando likiyeyuka: majina ya watafiti wa kriptografia, yaani elimu ya kuficha ujumbe kwa hesabu, idadi ya makala zao, na kila mmoja ametajwa na wenzake mara ngapi. Niliwapanga kama timu za ligi. Mwalimu akavaa miwani, akateremsha kidole kwenye safu niliyoiita "mwandishi mkuu", akaniuliza, "Huyu umejuaje kwamba ndiye mkuu?" Nikamwambia jina lake limetangulia. Akacheka mpaka akatua kikombe cha kahawa. "Limetangulia kwa sababu linaanza na B, mwanangu."

Basi anzia hapo. Katika kriptografia, kama kwenye hisabati, waandishi kwa kawaida hupangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Diffie yuko mbele ya Hellman katika makala yao ya 1976, ya namna ya kukubaliana siri hadharani, na hilo halikuambii nani alifanya nini. Goldwasser, Micali na Rackoff, vivyo hivyo. Makala ya 1978 ya RSA, mfumo wa kuficha ujumbe, ndiyo imekwenda kinyume: Rivest, Shamir, Adleman. Adleman aliona mchango wake ni mdogo, akataka jina lake liwe la mwisho. Leo ni herufi ya tatu ya mfumo unaojulikana dunia nzima.

Lililonichukua muda zaidi kuelewa ni ile idadi ya kutajwa. Kwenye fani yetu, kutajwa si lazima kuwe kusifiwa. Mfumo ukivunjwa, makala yake hutajwa na waliouvunja, na wanaosimulia ulivyovunjwa, na wanaoeleza kwa nini wao hawakuutumia. Msiba nao hujaza watu.

Chukua SIKE, mfumo uliotarajiwa kuhimili kompyuta za kwanta. Mapema Julai 2022 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliupitisha kwenda duru ya nne ya mchujo wake. Mwezi haujaisha, Wouter Castryck na Thomas Decru wa Ubelgiji wakatoa shambulio: kiini kimoja tu cha kompyuta kilifichua ufunguo wa kiwango chake cha chini kwa muda wa saa moja hivi. Wazo ambalo SIKE ilijengwa juu yake lilianzia mwaka 2011, na wataalamu walikuwa wameshalichambua kwa zaidi ya miaka kumi. Na silaha yenyewe ilitoka wapi? Kwenye nadharia ya Ernst Kani ya 1997, hisabati tupu, iliyoandikwa kabla hata ya huo mfumo kubuniwa. Miaka 25 ikikaa tu. Jedwali langu la kurasa nne lisingemwona Kani hata kwa darubini.

Tangu hapo nikitaka kujua uzito wa mtafiti, naishika makala yake moja na kuifuata mbele: nani alijenga juu yake, nani aliishambulia, na swali gani iliacha wazi. Swali linaweza kuishi kuliko jibu. Mwaka 1978 Rivest, Adleman na Dertouzos waliuliza kama inawezekana kuzifanyia hesabu zozote data zilizofichwa bila kuzifichua. Craig Gentry akaonyesha njia mwaka 2009, kwenye tasnifu yake ya uzamivu pale Stanford.

Ya kusomea yapo, tena bure. Shirika la kimataifa la watafiti wa fani hii, IACR, lina hazina ya makala iitwayo ePrint, iliyofunguliwa mwaka 2000. Matoleo kamili ya makala nyingi unayapata humo bila kulipia. Lakini kuwekwa humo si kuhakikiwa. Angalia mstari unaoeleza makala imekubaliwa wapi. Majina mazito kwetu ni ya mikutano, Crypto, Eurocrypt na Asiacrypt, zaidi ya majarida. (Kamati nyingi za kupandisha vyeo bado huhesabu majarida tu. Jitayarishe kujieleza.)

Ukikataliwa, usilale njaa. Makala ya Goldwasser, Micali na Rackoff, iliyozaa uthibitisho usiofichua siri (kuonyesha unajua jambo bila kulitoa), ilirudishwa mara tatu kabla ya kupokewa mwaka 1985. Goldwasser na Micali baadaye walipewa Tuzo ya Turing ya 2012, tuzo kubwa kabisa ya sayansi ya kompyuta.

Na kabla ya kumtaja mtu, fanya kazi yake kwa mkono. Mimi Diffie na Hellman niliwaelewa nikiwa kwenye feri ya Likoni, nikiandika nyuma ya risiti. Watu wawili wanaotaka siri moja wanakubaliana hadharani namba 23 na 5. Wa kwanza anaficha 3: 5 kwa kipeo cha 3 ni 125, ukigawanya kwa 23 inabaki 10; anaitangaza hiyo 10. Wa pili anaficha 7, kwa njia hiyohiyo anapata 17, naye anaitangaza. Wa kwanza anaichukua 17 kwa kipeo cha 3, inabaki 14. Wa pili anaichukua 10 kwa kipeo cha 7, inabaki 14. Wote wana 14, na hakuna aliyeitamka. Kwa 23 hata mtoto atajaribu namba zote akupate. Ndiyo maana, kwa njia hii, namba inayotumika kweli mahali pa 23 huwa na tarakimu zaidi ya 600.

Mama mmoja aliyesimama kando yangu na kikapu cha maembe aliichungulia ile risiti muda mrefu. "Hizo hesabu za duka, baba?"

"La, mama. Za siri."

"Za siri, nawe waziandika mbele za watu?"

Tulikuwa tushafika ng'ambo. Nilitamani tungekuwa na dakika tano zaidi, maana swali lake ndilo hasa lililojibiwa mwaka 1976.