Siku moja inatosha, dada

Umeuliza kama siku moja inatosha kwenda kwa boti mferejini kutoka kijiji cha Trevor hadi mji wa Chirk, kule Wales, na kurudi, nawe hujawahi kuendesha boti. Inatosha. Mwendo wa juu kabisa ni kilomita 6 na ushei kwa saa, mtu anayetembeza mbwa kando ya mfereji anaweza kukupita. Kinachosumbua ni kana, yaani mkono wa usukani ulio nyuma ya boti: ukiisukuma kushoto boti linakwenda kulia, tena linachelewa kuitika. Mimi niligonga ukingo mara tatu kabla hata birika halijachemka! Halafu kuna daraja la maji la Pontcysyllte, la mwaka 1805, linalobeba mfereji wenyewe, na boti juu yake, mita 38 juu ya mto Dee: upande mmoja hauna kizuizi chochote, unachungulia bonde tupu. Watoto wakae ndani.