Ninunue PS5 au nisubiri PS6?

SWALI: Shikamoo anko, nimejibana nimepata hela ya PS5 (PlayStation 5, mashine ya kuchezea magemu) ila washkaji wananiambia nitulie nisubiri PS6, we unasemaje? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba mwanangu. PS3 ilitoka 2006, PS4 2013, PS5 2020, yaani miaka saba saba, kwa hiyo huenda PS6 haiko mbali na washkaji zako wana hoja. Ila mashine mpya ikitoka haiui ya zamani hapo hapo, gemu ya God of War Ragnarök ya 2022 ilitoka mpaka kwenye PS4, na PS5 yenyewe inacheza karibu magemu yote ya PS4. Mi ningenunua sasa hivi. Tena chukua yenye sehemu ya kuweka CD, ukimaliza gemu unaiuza au mnabadilishana, ile isiyo na CD, ya kushusha magemu mtandaoni tu, itakumalizia bando.