Ifute hiyo zipu ya "Elementor Pro ya bure" kabla hujaiwasha

Mkuu, futa kwanza, mengine baadaye. Umeuliza kama Elementor Pro (plagini, yaani kiongezo, cha kulipia cha kujengea kurasa za WordPress) uliyorushiwa kwenye kundi la Telegram inafaa kwa duka la WooCommerce, plagini ya kuuzia bidhaa. Hiyo zipu imechakachuliwa.

Aliyeichakachua amekata ukaguzi wa leseni, kwa hiyo masasisho ya moja kwa moja hayaji tena. Machi 2023 Elementor Pro 3.11.6 na za nyuma yake zilikutwa na tundu: kwenye tovuti yenye WooCommerce, mteja mwenye akaunti ya kawaida tu aliweza kufungua usajili na kufanya kila anayejisajili awe Administrator, mwenye mamlaka yote ya tovuti. Dawa ilikuwa 3.11.7. Waliolipia walibofya wakaendelea na chai yao. Wenye zipu walibaki milango wazi, na wale "walimu" wa YouTube waliowagawia kiungo walishahamia video nyingine. Gonga kengele, usisahau!

Hilo ni tundu la bahati mbaya. La kupandikizwa ndilo balaa. WP-VCD, kirusi kinachosafiri ndani ya themu na plagini za aina hiyo, hujinakili kwenye functions.php za themu zako, huweka wp-vcd.php ndani ya wp-includes, kisha huvuka hadi tovuti nyingine zilizo kwenye akaunti hiyo hiyo ya hosting. Ndiyo maana unafuta plagini, kesho uchafu umerudi.

Kama umeshaiwasha: chukua nakala ya hifadhidata na uploads (folda ya picha na faili unazopandisha). Futa wp-admin na wp-includes, weka mpya za toleo lilelile la WordPress. Themu na plagini zote futa, pakua upya. Ndani ya uploads tafuta faili za .php, kwa kawaida hazina kazi humo. Fuata orodha ya Administrator, ondoa usiowajua. Badili nywila zote, ya hifadhidata pia, na funguo za siri ndani ya wp-config.php ili walioingia watolewe. Mwisho endesha `wp core verify-checksums`, amri ya WP-CLI inayolinganisha faili za msingi za WordPress na za asili. Na fanya hivyo kwa kila tovuti ya akaunti ile, la sivyo unafagia huku upepo unavuma.

Plagini ichukuliwe wordpress.org au kwa mtengenezaji mwenyewe. Msiniite wakala wa Elementor, sijalipwa hata soda. Hela hakuna? Elementor ya kawaida ni bure, WooCommerce ni bure, na duka linauza bila Pro.