Kwa kocha anayesubiri kupandishwa

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia kutoka Kentucky. Ni Mkongomani aliyekulia Louisville, kocha msaidizi wa besiboli katika shule ya sekondari, na ndoto yake ni ileile niliyo nayo mimi, na naamini wengi mnaosoma hapa mnayo: siku moja avae jezi ya timu ya kulipwa na kuwaongoza wachezaji kutoka benchi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi. "Kaka, kila mwaka wanampandisha mwingine. Niendelee au niache?"

Nilimjibu usiku uleule. Jibu likarefuka, nikaona nililete hapa, maana najua hayuko peke yake.

Mimi nilitoka Dar es Salaam nikijua mpira wa miguu tu. Besiboli niliianzia kazini, ghalani, kwenye televisheni ya chumba cha mapumziko, na mzee mmoja tuliyekuwa zamu moja ndiye aliyenifundisha kusoma ubao wa matokeo. Miaka ya kujifunza naiacha, haina cha kusimulia. Baadaye nikawa kocha msaidizi wa shule moja kaskazini mwa Atlanta, nikakaa hapo misimu mingi. Mimi ndiye niliyewarushia vijana mipira ya mazoezi nikiwa nyuma ya wavu, mpaka bega linawaka. Mimi ndiye niliyekimbilia turubai mvua ikianza. Wadakaji wote wa shule ile, wale wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji, nimewafundisha mimi.

Kocha mkuu alipostaafu, wazazi walinipongeza hata kabla ya tangazo. Kiti akapewa mtu kutoka nje, mdogo wangu kwa umri. Nilizipata habari kwenye barua pepe ileile waliyotumiwa wazazi wote. Hakuna aliyeniita. Nimesamehe mengi maishani, ila nikipita barabara ile jioni na kuona taa za uwanja zimewaka, bado roho inauma.

Katika kipindi hicho cha uchungu nilianza kwenda uwanja wa Gwinnett, ambao hauko mbali na kwangu, kuitazama timu ya Triple-A ya Braves, yaani timu ya daraja la juu kabisa la ligi ndogo, iliyo chini ya klabu ya ligi kuu ya Atlanta. Meneja wake, ambaye kwenye besiboli ndiye kocha mkuu, alikuwa Brian Snitker. Sikumjua. Nilianza kumfuatilia kwa sababu jirani yangu jukwaani aliniambia kwamba mzee yule alikuwa kocha kule juu, wakamshusha.

Fuateni safari yake taratibu, maana ndiyo iliyonirudisha uwanjani. Alijiunga na Braves mwaka 1977 akiwa mdakaji ambaye hakuna klabu iliyomchagua katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya. Hakuwahi kufika ligi kuu kama mchezaji. Mwaka 1980 uchezaji wake ukaishia hapo, na Hank Aaron, yule bingwa wa homurani, mapigo yanayovusha mpira nje ya uwanja, aliyekuwa akisimamia timu za chini za klabu, akampa kazi ya ukocha. Kuanzia 1982 akawa meneja: Anderson, Durham, Sumter, Macon, Greenville, Richmond. Ni miji ya Kusini ambayo wengi wetu huipita kwenye barabara kuu bila kushuka. Katikati ya miaka hiyo alipandishwa Atlanta kama kocha, akarudishwa chini, akapandishwa tena. Kuanzia 2007 hadi 2013 alikuwa kocha wa beisi ya tatu, yule anayesimama pembeni na kuamua mkimbiaji aendelee au asimame. Halafu wakampeleka Gwinnett. Alikuwa na miaka 58.

Mei 2016 meneja wa Atlanta alifukuzwa, Snitker akaitwa kushika nafasi kwa muda. Miaka 60. Kabla ya mwaka kwisha kiti kikawa chake. Mwaka 2018 alichaguliwa meneja bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, na 2021 akatwaa World Series, fainali ya ligi kuu, kwa kuifunga Houston, timu ambayo mwanawe Troy alikuwa mmoja wa makocha wake wa wapigaji.

Watu huisimulia habari hii kama habari ya subira. Mimi sikubaliani nao. Subira haimpandishi mtu cheo. Wapo mameneja waliokaa ligi ndogo maisha yao yote, wakafanya kazi safi, na simu haikulia. Kama Atlanta isingemwita Snitker mwaka ule, angekuwa amepoteza nini? Vijana aliowafundisha wangebaki wamefundishwa. Kazi ilikuwa imeshafanyika, na ilifanyika vizuri kwa sababu hakuifanya kama mtu aliyeketi kituoni akisubiri basi.

Kijana wangu wa Kentucky, hapa ndipo nataka unisikilize. Unaitamani kazi ya meneja wa ligi ndogo, sasa ijue ilivyo. Klabu 30 za ligi kuu zina timu nne nne chini yake, kuanzia Single-A mpaka Triple-A, jumla 120. Zilikuwa 160 kabla ya mabadiliko ya 2021. Kwa hiyo viti vimepungua. Timu ya Triple-A hucheza mechi 150 kwa msimu, siku sita mfululizo, na kwa kawaida Jumatatu ndiyo ya kupumzika. Na meneja hawekwi pale kwanza kwa ajili ya kushinda. Mrushaji wake bora akifikisha idadi ya mipira iliyopangwa na wakubwa, anatoka, hata kama mechi iko kwenye ncha. Mpigaji anayempa ushindi kila usiku anaweza kuchukuliwa kesho asubuhi. Mechi ikiisha, wakati mashabiki wako njiani kurudi nyumbani, yeye bado anaandika ripoti: nani kaboresha nini, nani kakwama wapi. Kisha kuna mlango wa ofisi yake. Kijana wa miaka 19 au 20 anaitwa pale kuambiwa anapanda, na mwingine anaitwa pale kuambiwa safari yake na klabu imekwisha. Maneno hayo, mara nyingi, anayatamka meneja.

Mtu ambaye moyo wake uko kwenye kiti cha juu hawezi kuyatamka maneno hayo kama inavyopasa. Kijana atamwona usoni.

Ushauri wangu, basi. Acha kumchunguza aliyepewa nafasi yako. Nami nilipitwa hivyo, najua unavyovutwa kufungua ukurasa wa timu kila Jumamosi asubuhi kuona kama timu yake imefungwa. Acha. Chagua kitu kimoja ukijue kuliko kila mtu wa eneo lako. Mimi nilichagua udakaji. Baada ya kutoka shule ile nilianza kufundisha timu ya kiangazi, na humo mna vijana wa familia zetu kutoka Clarkston, karibu na Atlanta, Wakongomani wanaoongea Kiswahili nyumbani. Mmoja alikuja akiogopa mpira unaodunda mbele yake. Alikuwa akigeuza uso kila unapogusa udongo. Nilimpigisha magoti, glavu chini kati ya mapaja, kidevu kifuani, mabega yameinama mbele, mkono mtupu nyuma ya glavu ili vidole visivunjike. Nikamwambia asiudake, aache mwili uuzuie na uanguke mbele yake. Tulianza na mipira ya tenisi. Majuma yakapita kabla sijampa mpira halisi. Mwaka huu amesajiliwa kudakia timu ya chuo, na mama yake alinipigia akilia kwa furaha. Najivunia hilo, na ninalisema waziwazi, kwa sababu hata waliokaa kwenye kiti kile wamempigia makofi bila kuuliza nani alimfundisha kupiga magoti.

La pili, jifunzeni Kihispania. Wachezaji wengi wa ligi ndogo wanatoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, na kocha anayeweza kuzungumza nao bila mkalimani anatafutwa. Rachel Balkovec alijifunza lugha hiyo alipokuwa kocha wa mazoezi ya nguvu, na mwaka 2022 akapewa Tampa Tarpons, mwanamke wa kwanza kuwa meneja wa timu iliyo chini ya klabu ya ligi kuu. Sisi tuliokulia na lugha mbili tatu hatuna udhuru. Mwaka huohuo Dodgers, klabu ya ligi kuu ya Los Angeles, walisajili vijana wawili kutoka Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Mlango wa Afrika Mashariki umefunguka, na atakapohitajika kocha anayewaelewa vijana hao, atatafutwa aliye tayari, hatangojwa aliyenuna.

La tatu linafanana na la kwanza, na nalirudia kwa makusudi: fundisha. Fundisha huyo kijana aliye mbele yako leo kana kwamba hutapandishwa kamwe. Jim Leyland alikuwa meneja kwenye ligi ndogo za Detroit kwa misimu 11, kuanzia 1971 hadi 1981, na kama mchezaji hakuwahi kuvuka Double-A, daraja lililo chini ya Triple-A. Alipata timu ya ligi kuu mwaka 1986, akashinda World Series 1997. Alipofika alikuwa na kazi mkononi, kwa sababu miaka yote ile hakuitumia kulalamika.

Kwa hiyo, mdogo wangu, endelea. Msimu wa shule unaanza majira ya kuchipua. Bado una muda wa kuwafanyia kazi wadakaji wako ukumbini, kwa mipira ya tenisi. Warekodi kwa simu kutoka ubavuni, magoti na glavu vionekane, unitumie video hizo. Nitazitazama zote na nitakuandikia kila mmoja anakosea wapi.