Kabla baba hajauza shamba ukasomee ualimu

Juzi usiku nafungua simu nakuta ujumbe mrefu wa binti mmoja wa Rombo. Kamaliza kidato cha sita, kapata chuo binafsi, ualimu wa masomo ya sanaa, ada na hosteli na makorokoro mengine vinakaribia milioni tatu kwa mwaka, mkopo hana uhakika nao, na baba yake keshapata mteja wa kipande cha kihamba, shamba la ukoo. Anauliza swali moja tu, "Dada, hivi inalipa?"

Nimekaa nalo siku tatu. Limenishika vibaya kwa sababu mwezi uliopita slipu yangu ya mshahara imetoka kwa mara ya kwanza bila ule mstari wa Bodi ya Mikopo. Nimemaliza deni! Kipande cha mwisho nimekilipa kwa hela ya kikoba, nikaipiga picha ile slipu nikamtumia mama. Mama akapiga simu, "kuna nini mwanangu?" nikashindwa hata kuongea, nililia tu pale nyuma ya ofisi ya walimu. Kwa hiyo we binti ngoja nikusimulie yote, na wengine wenye watoto wanaosubiri vyuo someni pia.

Mi ni wa Kilema, Kilimanjaro. Kwetu kusomesha mtoto mnajua kulivyo, mtu atakula ndizi kavu mwaka mzima ila ada itoke. Babu alisomesha kwa kahawa enzi KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, ikilipa mkulima anacheka, baba kahawa ikamtupa akasomesha kwa ng'ombe, na mama alikuwa anashuka na mikungu Himo alfajiri bado giza. 2012 nikapata chuo, na mimi nikataka chuo chenye jina, chenye majengo, nikipiga picha mtu aulize ni wapi hapo. Ada 1,800,000 kwa mwaka. Bodi wakanipa asilimia 40 ya ada, pamoja na bumu, yaani hela ya kujikimu, ada iliyobaki na hosteli 400,000 ni ya baba. Mwaka wa kwanza wakaenda ng'ombe wawili. Mwaka wa pili likaenda shamba la chini, lile la mahindi njia ya Kahe. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kusomea diploma chuo cha serikali, ningeweza kuomba tena mwakani, sikutaka kusikia. Mpaka leo baba tukipita pale na haisi anageuza uso upande wa pili wa barabara, hajawahi kunisema hata siku moja na hicho ndo kinachoniuma zaidi.

Sasa nina mtoto wa mama mdogo, tumezaliwa mwaka mmoja. Yeye aliishia kidato cha nne akaenda kusomea cheti cha ualimu Marangu, chuo cha serikali, ada yake ya mwaka mzima haikufika hela ya hosteli yangu. Mimi nilimcheka. Naandika hapa kwa sababu nimeshamwomba msamaha uso kwa uso. 2013 akaajiriwa shule ya msingi Kiteto, na mwaka wangu wa pili bumu likichelewa yeye ndo alikuwa ananirushia elfu 30 kwenye M-Pesa nile. Mwalimu wa cheti anamlisha mtu wa digrii!

Nikamaliza 2015. 2016 ikaja ile ya uhakiki wa vyeti na watumishi hewa, ajira zikasimama, na zilipofunguka wakawa wanatafutwa walimu wa sayansi na hesabu. Mimi nina Kiswahili na Historia. Nikaenda Arusha, chumba kimoja Sanawari, nikafundisha inglishi midiamu moja kwa laki tatu na nusu ambayo nayo kuna miezi haikuja. Hapo nairuka miaka, hakuna cha kusimulia, ni chaki na madeni ya duka la Mangi. Ila kitu kimoja nisichojua, mwajiri yule hakuwa ananikata ya Bodi na mimi nikaona raha, kumbe deni linaumuka kule, asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha na faini ya asilimia 10 juu yake. Bahati yetu serikali ilizifuta zote mbili 2021.

2021 hiyohiyo nikapangiwa Same, milimani. Daraja la TGTS D, ndo daraja la mshahara serikalini la mwalimu mwenye digrii, mshahara wa kuanzia wakati ule 716,000. Sheria ilibadilishwa 2016, Bodi wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo 107,400 inaondoka hata hujaigusa. Weka kodi, weka pensheni ya PSSSF, bima ya afya, chama cha walimu, mkononi nikawa naingiza laki nne na themanini na kitu. Na siku ile naripoti halmashauri afisa utumishi alitaka vyeti halisi basi, hakuna aliyeniuliza majengo ya chuo chetu yanafananaje. Ofisi ya walimu tulikuwa wapya wanne, mmoja katoka UDSM, mmoja Dodoma, mmoja katoka chuo cha bei mbaya kuliko changu. Tulifunguliana slipu. Wote 716,000, hakuna aliyezidi hata shilingi mia.

Yule ndugu yangu wa Kiteto? Alijiunga Chuo Kikuu Huria huku anafundisha, anasoma usiku, ada analipa kwa mshahara wake mwenyewe. Mwaka uleule nilioajiriwa mimi akabadilishiwa muundo, yaani akahamishiwa mshahara wa mwenye digrii, akaingia D kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa ameshalipwa miaka minane, ana vyumba vitatu vimeezekwa, na baba yake bado ana shamba.

Hapo ndo jibu langu lilipo, binti. Ualimu wenyewe una thamani kuliko ninavyoweza kuandika, kuna mtoto nilimfundisha kule Same alikuwa hawezi kuunga sentensi na mwaka juzi kanitumia insha yake ya chuo, nikaisoma mara nne. Siwezi kumwambia mtu asisomee kazi anayoipenda kwa sababu ina mshahara mdogo. Ila kama kazi inalipa kwa daraja, uliza daraja kwanza. Uliza mtu wa cheti anaanzia wapi, wa diploma wapi, wa digrii wapi, halafu uliza njia ya bei rahisi kabisa ya kufika hapo. Chuo kiwe kinatambuliwa na TCU, wasimamizi wa vyuo vikuu, au NACTVET kama ni cheti au diploma, baada ya hapo jina ni la kwako na marafiki zako. Uliza na masomo yanayoajiriwa, mi sikuuliza. Kama utachukua mkopo wa Bodi, toa asilimia 15 kwenye mshahara kabla hujaanza kuupigia mahesabu. Uliza daraja, narudia tena, kwa sababu mimi niliuliza kama hosteli ina maji ya moto.

Mtaniambia zipo shule za kimataifa hapo Arusha zinaangalia umesoma wapi na kiingereza chako kikoje. Zipo, na mishahara yao si ya kitoto. Nafasi ni chache, na mzazi wa Rombo hawezi kuuza kihamba kwa kubahatisha nafasi moja Njiro. Kihamba ndo walipozikwa babu na bibi zenu.

Na nyie wazazi, samahani nawasema kwa heshima, acheni kusomesha kwa ajili ya kutaja jina la chuo kanisani. Kaeni na mtoto na karatasi na kalamu, andikeni ada ya miaka mitatu upande huu na mshahara wa mkononi upande ule, mhesabu miezi mingapi ya kazi ndo inarudisha lile shamba. Mimi nilihesabu nikiwa nimeshachelewa. Kwa laki moja ya akiba kwa mwezi, shamba la baba kwa bei ya leo njia ya Kahe sitalirudisha hata nikistaafu.

Nilimjibu yule binti hayahaya kwa kifupi, nikamwambia aombe tena awamu ya pili vyuo vya serikali, na kama alama zinagoma achukue diploma halafu aje ajiendeleze akiwa kazini. Nikamwambia amwonyeshe baba yake ujumbe wangu. Jana usiku kaandika mstari mmoja: "Dada, baba kasoma, kamwambia yule mteja asubiri kwanza."