Mdogo wangu, usisaini hiyo karatasi ya baraza

Mleta uzi, usisaini. Hata kama kikao ni Alhamisi, hata kama mjomba wako ameshaitikia kwa niaba yako, hata kama wazee wamekuandikia kila kitu vizuri na kilichobaki ni jina lako tu pale chini. Usisaini.

Unasema uko Mwanza, ndoa yako ni ya Kiislamu, mume amegoma kutoa talaka, na baraza la dini limekuelekeza kwenye khului, yaani mke kujikomboa kwenye ndoa: urudishe mahari, uandike kwamba nyumba ya Buhongwa huidai, halafu Alhamisi upewe karatasi yako uende zako. Umeuliza kama karatasi hiyo itatambulika mahakamani, watoto watakaa na nani, eda (muda wa kusubiri kabla ya kuolewa tena) unaanza kuihesabu lini, na kama unaweza kurudi kwenu Sengerema kabla mambo hayajaisha. Waliotangulia kujibu wamekupongeza kwa kuchagua amani. Mimi siwezi kukupongeza. Amani hiyo mimi niliichukua, na iliondoka na nyumba.

Mimi na aliyekuwa mume wangu tulianzia mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki. Yeye alikuwa na mtumbwi na injini, mimi nanunua dagaa, naanika, nafunga magunia, napakia. Giza likiwa zuri dagaa wanavuliwa, tunapata fedha ya tofali, mbalamwezi ikitoka ujenzi unasimama. Kiwanja kiliandikwa jina lake, kama wanavyoandika wengi, wala sikuona ubaya, maana tulikuwa tunalala chumba kimoja na kula sahani moja. Baadaye matumizi yakakatika, nyumbani haji kulala, nikimuuliza ananiambia niende ninakotaka. Nikaenda barazani.

Nitasema haki: wazee wale walinisikiliza. Hawakunitukana, hawakunifokea, walimwita mara zote alizotakiwa kuitwa. Tatizo lilianza pale alipokataa kabisa kutamka talaka. Mmoja wao, aliyekuwa anaendesha kikao, akaniambia njia iliyobaki ni khului, na kwamba mwanamke anayejikomboa haondoki na kitu, kwa hiyo niandike kuwa sidai nyumba wala mali yoyote. Nikauliza kama hilo ni lazima. Akaniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba mwanamke mwenye imani hagombanii matofali. Shangazi yangu aliyenisindikiza akanigusa goti nisiendelee kuuliza. Nikasaini, mashahidi wawili wakasaini, muhuri ukapigwa.

Karatasi ile ilisema kwamba mimi, kwa hiari yangu na akili timamu, sina dai lolote katika nyumba ile. Isome tena sentensi hiyo, kwa sababu na yako itasema hivyohivyo kwa maneno haya au mengine.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo wengi hawapaelewi. Watu wanabishana kama karatasi ya baraza ina nguvu kisheria au haina, kana kwamba swali linaishia hapo. Kwa sheria, baraza halina mamlaka ya kugawa mali ya wanandoa. Hilo niliambiwa baadaye na hakimu mwenyewe. Lakini nyumba haikuuzwa mahakamani. Iliuzwa mtaani, kwa mkataba wa kuandikiana mbele ya kiongozi wa mtaa, kama zinavyouzwa nyumba nyingi za kule mlimani ambako hakuna hati ya kiwanja. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake ndoa ikiwa bado ipo. Mnunuzi alikuwa mtu makini, akauliza, "Mke yuko wapi?" Akatolewa karatasi yangu yenye muhuri. Mke kasema hadai. Biashara ikaisha, nami nikazipata habari kwa jirani aliyekuwa ananipa pole.

Yaani ridhaa ambayo sheria ilinipa kama ngao, niliitoa mwenyewe mbele ya wazee, nikidhani nanunua talaka.

Mahakamani niliambiwa kwamba ugawaji wa mali ni kazi ya mahakama peke yake, na mgawo wangu ukapangwa katika fedha ya mauzo. Fedha gani? Mwenzangu alikuwa ameshahamia visiwa vya ziwani na mtumbwi mpya. Hukumu ninayo, imefungwa vizuri kwenye bahasha. Hukumu haipangishiki vyumba.

Wapo watakaosema namchafua sheikh au naitukana dini. Mimi ni Mwislamu na watoto wangu wanasoma madrasa. Ninachokipinga ni mtu kuitumia dini kuniondoa kwenye kitu ambacho dini haikuniondoa. Khului ipo, imetajwa Suratul Baqara aya ya 229. Mke wa Thabit bin Qays alipotaka kutoka kwenye ndoa, Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama atarudisha bustani aliyopewa na mumewe, naye akakubali. Alichorudisha ni alichopewa. Mimi mahari yangu ilikuwa msahafu, kitanda na fedha kidogo. Nyumba hakunipa mtu, tuliijenga. Na Suratun Nisaa aya ya 19 inawakataza waume kuwabana wake ili wawanyang'anye sehemu ya walichowapa. Mume anayekata matumizi makusudi mpaka mke achoke na kuomba khului, halafu anakaa barazani anasubiri kuachiwa nyumba, mzee gani wa dini anayasoma hayo na kumwambia mwanamke asaini?

Na ningekuwa najua siku ile, ningewauliza wazee kuhusu faskh, kuvunja ndoa kwa sababu ya madhara au kunyimwa matumizi, ambayo haimlazimishi mwanamke kujikomboa kwa kitu. Haikutajwa hata mara moja. Ilitajwa njia inayomgharimu mwanamke tu.

Dada mmoja hapo juu ameandika kwamba makanisani mambo ni tofauti. Si tofauti kiasi hicho. Mabaraza ya makanisa nayo yanafanya usuluhishi chini ya sheria hiyohiyo, na nimewaona waumini wake wakirudi na karatasi za "makubaliano ya kifamilia" zinazofanana na yangu, tofauti ni muhuri.

Kwa hiyo wewe unatakiwa kutoka na nini barazani? Kitu kimoja: hati inayosema baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Basi. Huku bara hakuna mahakama ya kadhi ya dola kama ilivyo Zanzibar. Baraza la dini linatambuliwa na Sheria ya Ndoa kama bodi ya usuluhishi, sawa na lile la kata. Kifungu cha 101 kinasema huwezi kupeleka ombi la talaka mahakamani mpaka mgogoro upite kwenye bodi hiyo na bodi ithibitishe imeshindwa (kuna hali chache zilizosamehewa, kama mume aliyekutelekeza na hajulikani aliko). Hiyo ndiyo kazi yao. Kupatanisha, na ikishindikana kuandika kwamba imeshindikana. Nyumba, mashine, kiwanja, ng'ombe, mtumbwi, hivyo vyote ni kifungu cha 114, na anayekitumia ni hakimu.

Ukipewa karatasi ya khului peke yake bila hati ya kushindwa usuluhishi, mahakamani utarudishwa mlangoni. Kesi zimewahi kufutwa mpaka ngazi ya Mahakama ya Rufani kwa sababu hati sahihi haikuwepo, watu wakaanza upya baada ya miaka ya kuhangaika. Na hati ikishatolewa usiikalie. Ombi lako linatakiwa lifunguliwe ndani ya miezi 6 tangu hati itolewe. Kuna wanaoambiwa wasubiri kwanza, wakae kwao, watulize moyo, mpaka hati inachacha. Tuliza moyo ukiwa umeshafungua shauri.

Ukipata hati, na ikatokea baadaye mume akatamka talaka, au talaka ikapita kwa njia ya dini, kifungu cha 107 kinailazimu mahakama kuona kwamba ndoa ya Kiislamu imevunjika na kutoa amri ya talaka. Kwa hiyo hupotezi dini yako kwa kwenda mahakamani. Mambo mawili yanakwenda pamoja, ila usikubali la dini likamalizia na la mahakama.

Mjomba wako anasema huna haki kwa sababu hukuwa na mshahara. Mwambie mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini wewe usiishie kwenye kichwa cha habari kama wanavyofanya wengi. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe za kuanzisha mradi wa familia alizitapanya. Maana yake hakimu ataangalia ulifanya nini hasa. Umeandika kwamba uliuza vitumbua Igoma na mikopo ya VICOBA, kikundi chenu cha kuweka na kukopa, ikaenda kwenye bati. Kitabu cha VICOBA kiko wapi? Katibu wa kikundi yupo hai? Fundi aliyepaua anakukumbuka ukimlipa? Hao ndio watu wa kuwatafuta wiki hii, kabla ya mtu yeyote wa kukuombea dua. Dua nayo omba.

Na nyumba izuie sasa hivi, si baada ya talaka. Kama kiwanja kina hati, nenda ofisi ya ardhi uulize utaratibu wa kuweka zuio kama mke mwenye maslahi. Kifungu kilekile cha 59 kinakupa haki hiyo. Kama hakina hati, andika barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa kwamba nyumba hiyo ni ya ndoa, kuna mgogoro, na hujaridhia iuzwe. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, uiweke mbali na nyumbani. Mnunuzi akija kuuliza, hiyo ndiyo ataoneshwa, naye hataweza kusema hakujua. Ukishafungua shauri, omba na amri ya zuio ya mahakama.

Wakili si lazima kwa kuanzia. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mashauri ya ndoa, na wasaidizi wa kisheria wapo kwenye kata. Hapa Mwanza kuna Kivulini pia, shirika linalotetea haki za wanawake. Kama anakupiga, dawati la jinsia na watoto polisi ni leo, usingoje Alhamisi. Sheria ya ndoa yenyewe, kifungu cha 66, inasema mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Watoto: mtoto wako mdogo ana miaka minne, na sheria inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, isipokuwa kuwe na sababu ya kufanya vinginevyo. Usikubali mtu akutishe kwamba ukidai nyumba utanyang'anywa watoto. Ni mambo mawili tofauti, na nami nilitishiwa hivyohivyo, tena na yule mzee mpole.

Wanaoniambia nina hasira, ndiyo ninazo, na nimezilipia.

Alhamisi nenda. Usikwepe kikao, maana bila kikao hakuna hati. Vaa vizuri, salimia wazee, kaa mbele. Wakikuuliza juu ya kupatana, jibu ukweli wako. Wakileta karatasi, isome yote kwa sauti, polepole, mbele ya mashahidi wao. Ukikuta neno nyumba, mali, kiwanja au "sidai", sema: "Wazee wangu, hili naliacha kwa hakimu. Naomba hati ya kwamba mmeshindwa kutusuluhisha." Wakikasirika, rudia sentensi hiyohiyo. Wakisema uje siku nyingine, uliza siku gani, uandike mbele yao. Shangazi akikugusa goti, sogeza goti.

Ukitoka hapo usipitie nyumbani kwanza. Pitia kwa mtendaji na ile barua.